Darasa la Watoto Mia: Kelele za Ifo na Kiboko Kilichokatazwa

Kuna swali moja ambalo walimu wa shule za msingi huulizana kila wakutanapo, iwe ni Mombasa, Lamu au Malindi: "Darasa lako lina wangapi?" Mwenye arobaini huonewa wivu. Mwenye sitini huambiwa pole na kazi. Mimi kwa muda wa miaka mitatu nilipoulizwa swali hilo nilikuwa nikijibu, "Mia na kitu," na aliyeniuliza hudhani namfanyia mzaha.

Nilikuwa nikifundisha Ifo.

Kwa yule ambaye hajafika huko, Ifo ni kambi ya wakimbizi iliyo karibu na mji wa Dadaab, katika kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1991, pale serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu na watu wakatawanyika kila upande. Wengine walitujia huku kwetu kwa majahazi. Wazee wa Mombasa hawajaisahau kambi ya Utange, wala hawajawasahau Wabarawa walioshuka pwani yetu wakisema Chimwini, lugha ambayo tuliisikia mara moja tukaitambua kuwa ni ndugu wa Kiswahili chetu. Lakini walio wengi walivuka mpaka wa nchi kavu, kwa miguu na kwa malori, wakawekwa katika ule mchanga mwekundu wa Dadaab. Kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilipangwa kuchukua watu 90,000. Ulipofika mwaka 2011, mwaka wa ukame na njaa kusini mwa Somalia, idadi ya watu ilikuwa imepita 400,000. Kwa hiyo darasa la watoto mia si jambo la kustaajabisha. Kambi yenyewe ilijengwa kwa ajili ya robo ya watu hao.

Nilifika mwanzoni mwa mwaka 2010, kijana nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu mkononi. Nilipewa darasa la tatu. Chuoni tulifundishwa namna ya kuandaa somo, namna ya kushika chaki, na namna ya kusimama mahali ambapo kila mtoto atakuona. Aliyetufundisha hayo, Mungu amrehemu, alikuwa na picha ya darasa lenye njia katikati ya madawati. Darasa langu la Ifo halikuwa na njia. Watoto wa mbele walikaa sakafuni magoti yao yakigusa ubao, na wa nyuma walikaa wanne wanne katika dawati la wawili. Ukitaka kumfikia mtoto aliye pembeni mwishoni, huna budi kuzunguka nje na kumsemesha dirishani.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Zigawe kwa watoto 100, kila mmoja atapata sekunde 18 za mwalimu wake, na hiyo ni endapo mwalimu hakukohoa, hakuandika ubaoni wala hakumwambia mtu anyamaze. Sekunde 18 hazitoshi hata kumuuliza mtoto jina lake na habari za nyumbani. Nawaomba wale ambao huandika magazetini kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu waiweke hesabu hiyo mbele yao kwanza, kisha ndipo waendelee.

Maana kelele zilikuwako, wala sitaki kusema kwamba watoto wa Ifo walikuwa malaika. Walisukumana, walirushiana vijiti, walicheka pasipo na la kuchekesha. Lakini nilipokwisha kuzizoea zile kelele nilianza kuzitofautisha, kama vile baharia anavyotofautisha upepo. Kulikuwa na kelele za mahali: jua likipanda na mabati yakiwaka moto, kila mtu anataka kuwa karibu na dirisha. Kulikuwa na kelele za kitabu: kitabu kimoja kati ya watoto watano, anayekishika hukivuta na asiyekishika hulalamika. Kulikuwa na kelele za wale wakubwa, vijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano waliochelewa kuanza shule kwa sababu ya vita, wakakalishwa pamoja na watoto wa miaka minane. Hao huona haya, na kijana aonaye haya hujifanya mjinga kwa makusudi kabla watu hawajamgundua kuwa hajui kweli.

Na kulikuwa na kelele moja iliyonishinda wote, iliyotoka nyuma mfululizo kama mvumo wa nyuki. Siku moja nilimsimamisha mwenzangu ubaoni, mwalimu mkimbizi aliyekuwa akinisaidia, nikaenda nyuma mimi mwenyewe kusikiliza. Unajua walikuwa wakisemaje? Walikuwa wakiulizana, "Kasema nini? Kasema nini?" Sauti ya mwalimu haikuwafikia. Aliyeipata aliwaambia wawili, wale wawili wakawaambia wanne, na mwalimu huku mbele akasikia kelele, akapaza sauti yake zaidi, nao wakaongeza zao. Miezi miwili mizima nilikuwa nikiwakemea watoto kwa kosa la kutaka kusoma.

Hilo lilinifundisha, lakini kabla ya hilo nilikwisha kutenda kosa ambalo sitalificha, kwa kuwa ndilo lililonifanya niiandike makala hii.

Alikuwako mvulana mmoja wa miaka kumi au kumi na mmoja. Sina hakika, maana katika karatasi za kambini watoto wengi wamezaliwa tarehe mosi Januari. Mvulana huyu alikuwa haombi ruhusa. Kila baada ya dakika kumi, tupo katikati ya kujumlisha na kutoa, huinuka, akapita juu ya mabega ya wenzake, akatoka nje, akasimama penye ua wa miiba, akatazama, kisha akarudi. Na akitoka yeye, kumi humfuata. Nilimkanya mara ya kwanza, nikamkanya mara ya pili. Nilimuuliza kwa Kiingereza, kama sheria ya shule ilivyotaka: unakwenda wapi? Alinitazama asijibu. Nikaona ni jeuri. Siku ya tatu nilikata kijiti cha mwarobaini nikamchapa viboko vitatu vya kiganja mbele ya wenziwe. Hakulia. Darasa zima lilinyamaza kimya, na ule ukimya, lazima nikiri, ulinipendeza.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Siku nane zilipita. Hapo nikamwomba yule mwenzangu anipeleke kwao. Tulimkuta mama yake nje ya kibanda cha matawi na maturubai, akatukaribisha, akatandika mkeka. Alikuwa mtu wa upande wa Baidoa, akisema Kimaay, na hata mwenzangu ambaye ni Msomali wa Mogadishu alilazimika kumwambia arudie maneno mara mbili. "Maalim," alisema yule mama (maana wao husema *macallin* na sisi twasema maalim, neno ni lile lile), "mwanangu amekwambia mara ngapi, na wewe humsikii." Mfereji wa maji wa mtaa wao hufunguliwa asubuhi kwa saa chache tu. Mitungi hupangwa foleni. Yeye mama huondoka alfajiri kwenda kutafuta kuni, naye binti yake mdogo wa miaka sita huachwa kulinda mitungi. Mtungi usiolindwa husukumwa nyuma ya foleni, na ukisukumwa nyuma mfereji utafungwa kabla ya zamu yake, na siku hiyo nyumba haina maji. Mvulana alikuwa akitoka darasani kumtazama dada yake penye foleni. Basi.

Alikuwa amenijibu, na kwa lugha yake. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi.

Tulimrudisha shuleni. Dawa yake haikuwa na mafunzo wala semina: nilimbadilisha mahali pa kukaa, nikamweka penye dirisha la upande wa mfereji. Akiinua macho tu amemwona dada yake. Katika muhula uliobaki alitoka nje mara mbili, na zote mbili aliniomba ruhusa.

Nataka msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mtundu ana mtungi kwenye foleni. Wako watoto wenye utundu wa utundu tu, kama tulivyokuwa sisi. Ninachosema ni kwamba kiboko hakiulizi. Kinampiga mwenye mtungi na asiye na mtungi sawasawa, na kinampa mwalimu ukimya ambao huudhania kuwa ni nidhamu.

Na kiboko chenyewe, tukumbuke, kisheria kilikuwa kimekwisha kukatazwa nilipokitumia. Hapa inafaa tueleze kidogo, kwa sababu wazazi wengi wa pwani hudhani kwamba zamani mwalimu aliruhusiwa kupiga atakavyo, kisha wazungu wakaja na haki za watoto. Sivyo. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 ziliruhusu fimbo, lakini mwenye ruhusa alikuwa mwalimu mkuu peke yake, mbele ya shahidi, mbali na macho ya wanafunzi wengine, isizidi viboko sita, na kila adhabu iandikwe. Yule mwalimu wetu wa hesabu wa miaka ile, aliyetembea na mpira wa baiskeli mfukoni na kugawa viboko kama peremende, alikuwa akivunja sheria ya wakati wake. Mwaka 2001 kanuni hizo zilifutwa. Katiba ya mwaka 2010 ikasema katika kifungu cha 29 kwamba kila mtu ana haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaweka na adhabu kwa mwalimu mwenyewe: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Jirani zetu wa Tanzania bara wameshika njia nyingine. Huko kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Basi sheria ya Kenya ilikitoa kiboko mkononi mwa mwalimu. Lakini nani asiyejua kwamba bado kipo, kabatini au nyuma ya mlango? Na sababu yake, kwa maoni yangu, si ukatili wa walimu. Sababu ni kwamba kiboko kilipotolewa, mkono ule uliachwa mtupu. Hakuna aliyeleta darasa la watoto arobaini badala yake. Hakuna aliyemwonyesha mwalimu kijana mambo mengine ya kufanya. Ukimnyang'anya mvuvi nyavu kwa kuwa zinavua samaki wadogo, jambo jema. Lakini usimwache baharini na mashua tupu kisha umlaumu kwa kurudi na nyavu zile zile usiku.

Wazazi nao wana neno lao. Pale Ifo mzee mmoja alinijia shuleni akishikana mkono na mwanawe, na mkono wa pili ameshika fimbo, ameikata na kuilainisha mwenyewe, akaniletea kama hidaya. Nikamweleza habari ya sheria. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Na huku kwetu je? Tunazo methali zetu tayari ulimini: mchelea mwana kulia hulia yeye, samaki mkunje angali mbichi. Mimi sina ugomvi na methali. Lakini ile ya samaki yasema mkunje, haikusema mponde.

Wengi hutolea hoja chuoni. Husema, mbona maalim wa Kurani ana watoto themanini barazani na hakuna fujo? Ni kwa sababu ya bakora! Hoja hii niliichukua kwa uzito, kwa sababu mtoto wa Ifo, kama mtoto wa Mambrui au Siyu, kwanza ni mwanachuo ndipo ni mwanafunzi. Kabla ya jua kuchomoza yuko *dugsi*, chuo cha Kurani, na ubao wake wa mti na wino wa makaa. Nikaomba ruhusa kwa maalim mmoja wa mtaa wetu nikakae kipembeni asubuhi chache nitazame.

Bakora ilikuwepo, nisiseme uongo. Lakini kwa asubuhi nne nilizokaa, bakora haikuwa ndiyo inayoendesha kazi. Kwanza, hakukuwa na ukimya. Kila mtoto alisoma kwa sauti, na kila mmoja mahali pake: huyu yuko katika alif na be, huyu katika juzuu ya Amma, yule anakaribia kuhitimu. Kelele zile ndizo kazi yenyewe. Anayenyamaza ndiye anayeshukiwa. Pili, hakuna aliyekuwa akimngoja mwenziwe. Mtoto mwepesi hakai bure akisubiri mzito aelewe, wala mzito haburutwi. Na tatu, ambalo ndilo kubwa, maalim hakuwa peke yake. Alikuwa na *kabiir*, mwanafunzi mkubwa aliyewasikiliza wadogo, na chini ya kabiir wakubwa wengine kadhaa wenye wadogo wao watano au sita. Mtoto anayesoma amesikilizwa na mtu. Si sekunde 18. Amesikilizwa mpaka amemaliza aya yake.

Sisi tuliosoma vyuo vya Lamu twaijua desturi hii vizuri, tena wengi wetu tulifundishwa herufi na mwanafunzi mkubwa kabla maalim hajatutia machoni. Ajabu ni kwamba tukiingia shule ya serikali twaisahau, tukadhani kufundisha ni mtu mmoja kusema na mia kunyamaza.

Nikalijaribu. Niliwachukua wale vijana wakubwa kumi na wawili, waliokuwa ndio mzizi wa fujo, nikawafundisha somo la hesabu la kesho yake baada ya saa za shule, kila siku kwa nusu saa. Kisha kila mmoja nikampa watoto wanane. Darasa halikunyamaza, kusema kweli lilizidi kelele, hata mwalimu mkuu akaja mlangoni siku ya kwanza akidhani nimetoka. Lakini zilikuwa kelele za chuoni. Yule kijana aliyekuwa akijifanya mjinga sasa alikuwa na watu wanane wanaomwita maalim, na mtu hawezi kurusha vijiti mbele ya wanafunzi wake.

Halikuwa tiba ya kila kitu. Watatu kati ya wale kumi na wawili waliwapiga wadogo wao, kwa kuwa ndivyo walivyoona kazi ya maalim ilivyo, ikabidi niwavue cheo. Wasichana wakubwa walikuwa wachache mno, maana wengi wa umri ule walikuwa wamekwisha kutolewa shule kwa ajili ya kazi za nyumbani au ndoa. Na liko swali ambalo liliniuma: kijana wa miaka kumi na mitano anayemfundisha mdogo kujumlisha, yeye mwenyewe atasoma lini? Nusu saa yangu ya jioni ilikuwa haitoshi. Tena mara nyingi haikuwezekana, kwa sababu sisi walimu tuliokuwa tukilala Dadaab tulikwenda na kurudi kwa msafara wa magari yenye polisi, na msafara haumngoji mtu mwenye somo.

Ama kuhusu bakora yenyewe katika mila ya elimu ya Kiislamu, wanaoitetea kwa jina la wazee huwa hawakusoma wazee wamesema nini. Ibn Khaldun, ambaye aliandika katika karne ya kumi na nne, ana mlango mzima katika Muqaddima yake unaoeleza kwamba ukali kwa wanafunzi huwadhuru, na hasa walio wadogo. Hoja yake si ya huruma peke yake. Asema kwamba mtoto aliyelelewa kwa kukandamizwa huvunjika moyo wa kutenda, akawa mvivu, akajifunza uongo na hila ili mkono usimfikie, na uongo ule ukawa tabia yake ya utu uzima. Wala hakuikataa fimbo moja kwa moja. Ametaja kauli ya aliyemtangulia kwamba isizidi mara tatu pale panapokuwa hapana budi. Nami nilimpiga yule mvulana mara tatu kamili, kwa hiyo mtu anaweza kunitetea kwa hesabu. Lakini hapakuwa na "hapana budi." Palikuwa na dirisha. Na kila anayehudhuria darasa za msikitini amesikia habari ya Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume kwa miaka kumi tangu utotoni asisikie kwake hata neno la kuchoshwa.

Sasa tuje kwenye mambo ya leo, maana yote niliyoyasimulia yasingekuwa na haja kama yangekuwa ya kale.

Niliondoka Ifo mwisho wa mwaka 2012. Tangu hapo walimu wengi wametoka upande ule, na si kwa kutokupenda kazi. Mwezi Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Mtu asimlaumu mwalimu wa Kisii au wa Taita kwa kukataa kurudi. Lakini watoto walibaki, na madarasa yaliyokuwa makubwa yakazidi.

Waliobaki nao ni wale walimu wakimbizi. Hawa ndio nguzo ya shule za Ifo, na sijaona wakitajwa ipasavyo. Ni vijana waliomaliza kidato cha nne papo hapo kambini, wakaingia darasani Januari inayofuata kama walimu bila siku moja ya mafunzo. Hawalipwi mshahara, hulipwa posho, sehemu ndogo tu ya anachopata mwalimu Mkenya katika darasa la jirani. Wanazo hata hivyo mali mbili ambazo mimi mwenye cheti sikuwa nazo: wanajua lugha, na wanajua ni mfereji upi unafunguliwa saa ngapi. Mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York cha Toronto na kile cha British Columbia, vilianzisha mradi wa kuwasomesha walimu wa namna hiyo pale pale Dadaab, katika mpango ujulikanao kama BHER. Wako waliopata vyeti, stashahada na hata shahada. Hilo ni jambo kubwa, na lionyesha linawezekana.

Mwezi Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika. Nia yake, ikijengwa juu ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, ni kwamba Dadaab na Kakuma ziache kuwa kambi, ziwe miji ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia hospitali moja na shule moja. Ni fikira njema; watu waliozaliwa Ifo mwaka 1991 sasa wana watoto darasani, na hakuna aonaye haya kuiita kambi ya muda. Lakini mwaka huo huo wa 2025 wafadhili, Marekani ikiwa mbele, walikata fedha zao, na mgao wa chakula ukapunguzwa. Mwalimu yeyote atakwambia mgao ukipunguzwa kunatokea nini darasani saa nne asubuhi. Watoto hawasinzii tu kama watu wanavyodhani. Hugombana.

Kwa hiyo shule hizi zinapokabidhiwa kutoka mkono wa mashirika hadi mkono wa serikali, nina maswali mawili kwa wanaoshika kalamu. La kwanza: yule mwalimu mkimbizi mwenye miaka kumi na tano darasani, mwenye cheti cha BHER au asiye nacho, atatambuliwa kama mwalimu na kulipwa kama mwalimu, au ataambiwa ahsante akae kando wakati anatafutwa mtu wa kutoka mbali ambaye huenda asije? La pili ni lile la mwanzo: darasa litakuwa na wangapi? Nimeona mikutano mingi ya nidhamu shuleni, pwani na bara, ikiletwa wataalamu wa kueleza namna ya kumtuliza mtoto mkorofi kwa maneno mazuri. Maneno yale ni mazuri kweli, na yote yanahitaji mwalimu awe na dakika tano na mtoto mmoja. Katika darasa la mia, dakika tano kwa kila mtoto ni saa nane na theluthi.

Msomaji wa pwani huenda akasema, hayo ni ya Garissa, yatuhusu nini? Nendeni mkahesabu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003 ziko shule ndani ya Kisauni, Likoni na vijiji vya Kilifi ambako mwalimu mmoja anakabiliana na watoto themanini, na fimbo ya mwarobaini hukatwa huko vile vile. Tofauti yetu na Ifo ni ya kiasi tu.

Yule mwenzangu aliyenipeleka kwa mama wa Baidoa bado anafundisha. Huzungumza nami kwa simu Ijumaa baada ya sala. Mara ya mwisho nilimuuliza swali la walimu: leo ulikuwa na wangapi? Akanijibu tisini na wanne. Nikamwambia, alhamdulillahi, wamepungua. Akacheka. "Hawajapungua, maalim," akasema. "Jana ilikuwa siku ya mgao, wengine walikuwa bado kwenye foleni."